Ukaguzi wa paa kabla ya theluji: mkaguzi aangalie nini, na wapi?

upenu_wa_kusini:

Wakuu habarini. Nauliza wale wanaojua mapaa ya sehemu zenye baridi kali, si ya mvua na jua tu.

Nyumba haina ghorofa, dari ina mita za mraba 120. Paa ni la vigae vya lami, lina miaka 14, mwinamo ni 6 kwa 12, yaani linapanda sentimita 50 kwa kila mita moja ya mlalo. Upenu umetoka nje ya ukuta sentimita 45. Wakati wa baridi nje inafika nyuzi −25 na theluji inakaa juu ya paa miezi mitatu minne. Kila msimu barafu nene inajijenga ukingoni mwa paa, na gata zimeanza kupinda. Ndani kuna madoa ya aina mbili: moja refu sebuleni linalofuata ukuta wa nje, na vidoa vidogo vilivyotawanyika kwenye dari ya korido.

Mkaguzi mmoja anasema atarusha droni, dakika 20, ripoti kesho yake. Mwingine anataka saa tatu na anashikilia kuwa lazima aingie juu ya dari. Nani ana haki? Ukaguzi ufanyike lini? Ripoti iwe na nini ili isiwe tangazo la kuniuzia paa jipya? Na hayo madoa, ni paa linavuja au ni jambo lingine?

mkaguzi_dari:

Mkuu, mchukue wa saa tatu. Kwenye baridi ya namna hiyo nusu ya ukaguzi wa paa iko chini ya paa, na droni haifiki huko.

Nianze na madoa, maana yanajieleza yenyewe. Doa refu linalofuata ukuta wa nje ni alama ya tuta la barafu. Joto la nyumba linapenya dari na kupasha mbao za paa, theluji inayeyuka kutokea chini hata kama nje ni nyuzi −10. Maji yanateremka yakiwa yamefunikwa na theluji mpaka yafike kwenye upenu, ambao chini yake hakuna chumba chenye joto, na hapo yanaganda. Siku baada ya siku tuta linapanda, maji yanayofuata yanakosa njia na kutuama nyuma yake. Vigae vya lami vimepangwa ili vimwage maji yanayoteremka. Maji yaliyotuama hayawezi. Yanapanda kinyumenyume chini ya kigae, yanapata tundu la msumari, yanashukia juu ya ukuta.

Vidoa vilivyotawanyika ni kisa kingine kabisa. Hewa yenye mvuke wa jikoni, bafuni na pumzi za watu inapanda kupitia mianya ya dari, inakutana na ubao wa baridi na kugeuka sakitu, yaani unyevu ulioganda. Ncha za misumari ndizo zinazoshikwa mwanzo, kwa kuwa chuma kinapitisha baridi ya nje kuliko mbao. Mulika tochi juu ya dari asubuhi ya baridi kali, utaona kila ncha imevaa kofia nyeupe. Siku jua likichomoza sakitu yote inayeyuka kwa mpigo na kunyesha juu ya sufi (ile ya kuzuia joto iliyotandazwa juu ya dari). Fundi anaitwa, anapanda, anapaka lami, analipwa. Msimu unaofuata matone yanarudi palepale, kwa sababu paa halikuwa na tundu tangu mwanzo.

Njia rahisi ya kutenganisha: andika tarehe ya kila tone na hali ya hewa ya siku hiyo. Likidondoka siku ya jua baada ya baridi kali, bila mvua, ni sakitu. Likidondoka theluji ikiwa nene juu na ukingoni kuna barafu, ni tuta. Likidondoka siku ya mvua yenye upepo tu, hapo ndipo utafute kigae au bati la maungio. Mpe mkaguzi karatasi hiyo kabla hajapanda ngazi, itamwokolea saa nzima.

Sasa, akiingia juu ya dari nategemea afanye hivi. Aje na taa kali, mita ya unyevu yenye sindano mbili, rula ndefu na barakoa. Akanyage juu ya boriti tu, kwani jipsamu haibebi mtu. Kama sufi ni punje za kijivu na dhahabu zinazometameta kama mika, asimame hapohapo na asizivuruge, kwa sababu baadhi ya vermikulaiti ya zamani ilichanganyika na asbestosi na inapimwa maabara kwanza.

Achome sindano za mita kwenye mbao za paa sehemu kama kumi: karibu na upenu, katikati, karibu na kilele, upande unaopata jua na usiopata. Chini ya asilimia 16 ni sawa. Kuanzia 20 kwenda juu ukungu unapata makao. Ikikaa karibu na 28 na kuendelea, mbao zinaanza kuoza. Namba moja peke yake haina maana. Linganisha: ubao wa juu ya bafuni ukisoma 24 na wa mita tatu pembeni ukisoma 14, umeshajua pa kuchimba.

Kisha aangalie rangi ya sufi. Sufi ya kioo ikiwa na mabaka meusi, wengi wanadhani ni ukungu. Mara nyingi ni vumbi. Hewa inayopanda kutoka chumbani inachujwa na sufi na kuacha uchafu wake pale, kwa hiyo baka jeusi ni ramani ya mwanya ulio chini yake. Ainue sufi hapo: atakuta tundu la waya, kichwa cha ukuta wa ndani usiozibwa, au taa iliyozamishwa darini.

Sehemu zinazovuja hewa kuliko zote ni mlango wa kuingilia darini (mwingi hauna hata mpira pembeni), pengo la kuzunguka dohani, na bomba la feni ya bafuni. Hilo bomba alifuate kwa mkono hadi mwisho. Likiishia juu ya dari, nusu ya jibu lako la vidoa vya korido umeshalipata. Likitokea kwenye matundu ya upenu pia ni kosa, kwa sababu matundu hayo yanavuta hewa kuingia, na mvuke ulioutoa unarudishwa ndani.

Kuhusu wakati: bora ukaguzi ugawanywe mara mbili. Nje ufanyike kabla ya theluji, vigae vikiwa vikavu na joto angalau nyuzi 5. Juu ya dari ufanyike katikati ya baridi, asubuhi na mapema, kabla jua halijapiga paa, sakitu ikiwa bado iko. Kama unalipia safari moja tu, iwe ya kabla ya theluji, na mkaguzi atafute mabaki: pete za kutu kwenye misumari, alama nyeupe za maji yaliyokauka kwenye mbao, vishimo vya matone kwenye sufi.

Kamera ya joto inasaidia, ila nayo ina masharti. Ndani na nje pawe na tofauti ya nyuzi 10 au zaidi, na picha za nje zipigwe kabla ya mapambazuko. Picha ya kamera ya joto iliyopigwa saa sita mchana inaonyesha jua lilipopiga, basi.

FundiPaa:

Namuunga mkono mkuu hapo juu, ila upande wa nje naye kaupitia juu juu.

Ukaguzi wa nje unaanzia chini kwa darubini. Tazama mstari wa kilele: unatakiwa unyooke vizuri. Tazama uso wa paa jua likiwa la pembeni: ukiona mawimbi yanayorudia kila baada ya sentimita 60 hivi, plaiwudi imelegea kati ya kenchi, na kwa kawaida imelegea kwa unyevu uliotoka ndani, yale yale aliyoeleza mkaguzi_dari. Kwenye gata chota mchanga uliokusanyika penye kona. Vigae vipya humwaga changarawe za ziada miezi ya mwanzo, si hoja. Vigae vya miaka 14 vikijaza kiganja kizima kila ukisafisha, na juu kukawa na mabaka meusi yanayoonyesha nyuzi za ndani, hapo umri umefika.

Ngazi: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu utoke ukutani mita moja, na ngazi ipite ukingo wa paa kama mita moja. Isiegemezwe kwenye gata, zako tayari zimepinda. Kutoka ngazini mkaguzi anaona bati la ukingoni, safu ya kwanza ya vigae na dari ya upenu. Kwenye upenu karatasi ya chini ya vigae inatakiwa ilale juu ya bati la ukingoni. Kwenye kingo za pembeni zinazopanda ni kinyume, bati linalala juu ya karatasi. Mafundi wengi wanaweka namna moja kote.

Halafu gundi. Kila kigae kina mstari wa lami unaoyeyushwa na jua ili kishikane na cha chini yake. Mkaguzi ainue ukingo wa kigae kwa vidole viwili bila nguvu, sehemu kumi au kumi na tano, hasa upande wa upepo na karibu na kilele. Kinachoinuka chenyewe kinataka tone la lami ya kuezekea lenye ukubwa wa sarafu, likandamizwe. Lisizidi hapo, maana lami nyingi inaleta malengelenge. Zoezi hili ni marufuku kwenye baridi. Kigae kwenye nyuzi −5 kinakatika kama biskuti, na mkaguzi anayetembea juu ya paa lililoganda anakuachia nyufa ambazo hazikuwepo.

Misumari: ukiona kigae kimetuna kama kina kipele, chini yake kuna msumari uliopanda. Mbao zikilowa na kukauka mara kwa mara zinausukuma nje. Ung'olewe, tundu lizibwe, upigwe mwingine pembeni. Kuugonga urudi palepale ni kupoteza nyundo, tundu limeshalegea. Kigae kinatakiwa misumari minne, na sita penye upepo mkali.

Kola za mpira kwenye mabomba ya kupumulia ndizo zinazokufa mapema kuliko kitu chochote juu ya paa. Vigae vina maisha bado, mpira umeshapasuka pale unapobana bomba, upande wa juu, usikoonekana ukiwa chini. Kwa miaka 14 mimi ningezihesabu zote kuwa za kubadilisha. Kwenye baridi yako pia angalia kipenyo: bomba la chini ya milimita 75 linapopita paa linaziba kwa sakitu ya mvuke wa maji taka, halafu sinki zinabwabwaja na choo kinatoa harufu, watu wanamwita fundi bomba bure.

Penye ukuta na paa kukutana pawe na vipande vya bati vya ngazi, kimoja kwa kila safu ya vigae, kila kimoja kikipanda ukutani sentimita 10 na kulala juu ya paa sentimita 10. Ukikuta bati moja refu limepakwa lami nyeusi juu yake, elewa kuwa mtu alishindwa kulipata tatizo akalifunika. Mwisho wa mstari huo, juu ya gata, pawe na kipande kilichopindwa cha kusukuma maji nje ya ukuta. Kikikosekana maji yanaingia nyuma ya ukuta mwaka hadi mwaka, na unakuja kujua ukuta umeshaoza. Dohani yenye upana wa zaidi ya sentimita 76 inatakiwa iwe na kipaa kidogo nyuma yake cha kugawa maji na theluji.

Sasa kwa hili tuta lako, swali la kumbana nalo mkaguzi ni utando wa kujinatisha wa ukingoni, ule wa kuzuia maji unaolazwa chini ya vigae. Kanuni za ujenzi wa makazi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani, penye historia ya matuta ya barafu, zinataka utando huo utoke ukingoni hadi sentimita 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje, ukipima kwa mlalo. Piga hesabu ya paa lako: upenu 45 na 61 ni sentimita 106 za mlalo. Kwa mwinamo wa 6 kwa 12 unazidisha kwa 1.118, unapata kama sentimita 119 juu ya paa. Roli la kawaida lina upana wa sentimita 91. Yaani fundi aliyeweka roli moja akaridhika, utando wake uliingia ndani ya mstari wa ukuta sentimita 36 hivi tu badala ya 61, maana hapo ni mlalo wa 81 tu, na 45 kati yake ni upenu. Zinatakiwa safu mbili. Haionekani bila kufumua, kwa hiyo tafuta picha au risiti za aliyeezeka. Zikikosekana, mkaguzi aandike "haijathibitishwa". Akiandika "upo", muulize ameuonaje.

upenu_wa_kusini:

Wakuu asanteni sana. Nimepanda kuchungulia darini. Sufi ni selulosi ya kumwagwa, kina sentimita 20. Mlango wa dari ni kipande cha plaiwudi kimelala tu. Bomba la feni linaishia humohumo kama ilivyotabiriwa. Karibu na upenu sufi imebanana hadi kwenye mbao, sioni mwanga wa matundu ya nje.

Huyu wa droni kapendekeza waya za kupasha joto ukingoni na kuongeza matundu mawili ya kilele. Niongeze sufi kwanza au nifuate hilo?

theluji_nzito:

Usifuate hilo, na sufi pia usiianze.

Ukiongeza sufi juu ya mianya, joto linalopenya linapungua, mbao za paa zinakuwa baridi zaidi, lakini hewa yenye mvuke inaendelea kupanda kama kawaida. Matokeo yake tuta linapungua na sakitu inaongezeka. Watu wanashangaa: "tumeongeza sufi, mbona sasa dari inanyesha?" Mianya kwanza, njia za hewa za upenu zifuate, sufi mwishoni.

Matundu ya kilele peke yake ni mabaya kuliko kutokuwa nayo. Yanavuta hewa, na kama upenu umeziba itaivuta kutoka chumbani, kupitia mianya ileile. Hesabu yake ni hii. Kipimo cha kawaida ni eneo wazi la matundu sehemu 1 kwa 150 ya eneo la dari, au 1 kwa 300 kama kuna kizuia mvuke upande wa ndani na matundu yamegawanywa karibu nusu kwa nusu juu na chini. Kwa mita za mraba 120, 1 kwa 300 ni sentimita za mraba 4,000: 2,000 upenuni, 2,000 kileleni. Tundu refu la kilele lenye eneo wazi la sentimita za mraba 380 kwa mita linatosha kwa mita 5.3. Ukanda wa upenu wenye 190 kwa mita unatakiwa mita 10.5. Soma eneo wazi lililoandikwa kwenye bidhaa. Usipime tundu kwa macho, wavu unakula sehemu kubwa. Kati ya sufi na mbao za paa pabaki upenyo wa sentimita 2.5 angalau, kwa kupigilia bodi za kupitishia hewa kwenye kila nafasi ya kenchi kabla ya kumwaga sufi mpya.

Waya za kupasha joto ni panadol. Nyingi zinakula wati 15 hadi 25 kwa mita. Mita 30 za wati 20 ni wati 600, yaani zaidi ya yuniti 14 kwa siku zikiwaka mfululizo. Zinachonga njia ya maji katikati ya barafu, tuta lenyewe linabaki. Zina mahali pake: bonde la paa lisilo na namna, kona ya kaskazini juu ya mlango. Zikiwekwa, ziwe kwenye swichi ya kukata umeme unapovuja, na gata na bomba lake la kuteremsha maji navyo viwekewe waya, la sivyo unahamishia barafu kwenye gata.

Msimu huu ukiwa bado hujarekebisha, tumia reki ya paa yenye mpini mrefu ukiwa chini, simama pembeni ya pale theluji inapoangukia. Ondoa mita moja hadi moja na nusu ya ukingoni kila inapozidi sentimita 15, na uache tabaka la sentimita 5 ili usikwangue changarawe. Nyundo na shoka kaa navyo mbali. Tuta likishakuwepo na maji yanaingia, jaza soksi ndefu ya nailoni kloridi ya kalsiamu, ilaze ikikatisha tuta kutoka juu kwenda chini, itachimba mfereji. Chumvi ya kawaida usitumie, inakula mabati na kuua mimea, na kwenye baridi ya chini ya nyuzi −10 karibu haifanyi kazi. Ukiita watu wa kuliondoa, waje na mvuke. Mashine ya maji ya shinikizo inachubua vigae.

Na uzito, kwani hakuna aliyeugusa. Kina cha theluji hakikwambii kitu. Theluji mpya nyepesi ina kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, iliyotulia 200 hadi 300, iliyolowa inapita 400, barafu yenyewe ni karibu 917. Nusu mita ya theluji iliyotulia ni kama kilo 125 kwa kila mita ya mraba. Kupima: kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 kwenye theluji ya uwanjani isiyokanyagwa, kina chake chote, kipime kwa mizani, gawa kwa 0.09. Juu ya paa upepo unarundika penye kona na nyuma ya dohani, kwa hiyo hapo ni zaidi. Milango ya ndani ikianza kukwama ghafla, nyufa mpya zikitokea kwenye jipsamu juu ya fremu, au ukisikia mbao zinalia, tokeni nje kwanza ndipo mtafute mtu.

mkaguzi_dari:

Theluji_nzito kamaliza. Mimi nijibu la ripoti, lilisahauliwa.

Ripoti iwe na joto la nje na hali ya paa siku ya ukaguzi, picha za kila upande na kila kitu kinachotoboa paa, namba za unyevu zikiwa zimewekwa kwenye mchoro wa nyumba, kina cha sufi sehemu tano, na eneo la matundu juu na chini. Muhimu kuliko vyote ni orodha ya alivyoshindwa kuviona na sababu. Mwongozo wa InterNACHI, chama cha wakaguzi wa nyumba, haumlazimishi mkaguzi kutembea juu ya paa wala kuondoa theluji, kwa hiyo "halikuonekana, limefunikwa" ni jibu halali kabisa. Lisilo halali ni "paa liko vizuri" huku picha zote ni nyeupe. Na asiwe yeye anayeuza paa. Droni haina ubaya kwa paa lenye mwinamo mkali, inapiga picha nzuri za kilele na dohani. Tatizo ni kwamba haiwezi kubonyeza ubao laini wala kuinua kigae.

upenu_wa_kusini:

Nimeelewa. La mwisho: kuziba mianya kunaanzaje hasa, na bomba la feni nilitoe wapi?

theluji_nzito:

Sogeza sufi pembeni kipande kwa kipande. Matundu ya waya na mabomba, povu la kuziba. Vichwa vya kuta za ndani, povu au gundi ya kuziba kwa urefu wote wa mshono. Dohani usitumie povu la kawaida: kata bati, lipigiliwe kwenye fremu, mshono wake uzibwe kwa gundi inayostahimili moto, na mbao na sufi vikae umbali ulioandikwa kwa dohani hiyo, kwa kawaida si chini ya sentimita 5. Taa zilizozamishwa darini, soma kibandiko. Kama hakiruhusu kufunikwa na sufi, badilisha taa. Mlango wa dari ubandike juu yake bodi ya povu sentimita 10, mpira pembeni, na kabari mbili za kuubana chini.

Feni: bomba gumu la bati kipenyo kilekile cha tundu la feni, usilipunguze, viungo vyote vipigwe gundi au utepe wa foili, livikwe sufi kwa urefu wote. Litoke kwenye ukuta wa pembeni likiinama kidogo kuelekea nje, ili mvuke ukigeuka maji yamwagikie nje yasirudi kwenye feni. Kifuniko cha mwisho kiwe na kilango kinachojifunga upepo ukivuma. Chagua ukuta ulio mbali na matundu ya upenu.

Baada ya hapo ndipo umwage sufi: selulosi ya R-49 hadi R-60 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto) ni kina cha sentimita 35 hadi 43 hivi. Kutoka 20 kwenda 40 kwa eneo lako ni mita za ujazo 24, karibu kilo 600. Ndani ya nyumba unyevu usizidi asilimia 30 nje ikishuka chini ya −15. Halafu asubuhi ya kwanza ya −20 panda na tochi, uangalie ncha za misumari juu ya korido. Zikiwa na weupe bado, kuna mwanya uliorukwa, na mara nyingi unakuwa ndani ya mita moja kutoka ncha nyeupe kuliko zote.